Koti la Mwenyekiti

Bertrams, Johannesburg
6 Machi 2022

Shangazi mpendwa,

Jambo sana, na salamu nyingi kutoka kwetu sote. Mimi mzima. Mdogo wangu Benita mzima, anarefuka kila siku, na Kiswahili chake bado ni kilekile: anasikia yote, anajibu kwa Kizulu. Baba naye anaendelea. Mkono wa kushoto bado mzito tangu ule ugonjwa wa Desemba, lakini mdomo Mungu hakuugusa, anagombeza kama zamani. Na wewe, magoti yanasemaje? Na Burhani wa kibanda cha simu, bado anakuchapia barua zangu bila kuzisoma? Burhani, kama unasoma, salamu kwako pia.

Asante kwa kuipokea posa. Évariste alipopata jibu lako alitembea barabarani akicheka peke yake, mpaka mlinzi wa duka moja akamuuliza kama amelewa. Shangazi, nina furaha. Nilishazoea kuwa mtu wa kushona magauni ya harusi za wengine tu. Ninampenda. Nakuambia wewe kwa sababu baba nikimwambia anaanza kunieleza hali ya wafanyakazi duniani.

Uliuliza hicho chama cha baba ni kitu gani hasa. Ni Chama cha Kikomunisti cha Wahamiaji. Bado kichanga. Alikianzisha hapahapa nyuma ya cherehani zangu, pamoja na watu aliojuana nao kwenye foleni ya karatasi za ukimbizi: Wakongo, Warundi, Watanzania wachache. Wanakutana Jumapili baada ya kanisa. Ndiyo, baada ya kanisa, usicheke, maana kabla ya kanisa hakuna atakayekuja. Siku za mechi pale uwanjani Ellis Park kelele ni nyingi, komite nzima inajadili mapinduzi kwa ishara za mikono.

Mwenyekiti ni baba. Chini yake wako wawili, na hapo ndipo penye moto. Katibu mkuu ni Évariste wangu. Amesoma Lubumbashi, ana miwani, na akianza kusema watu wanasahau chakula kwenye sahani. Naibu mwenyekiti ni Léonce, Mrundi, mtu mzima mwenye mke na watoto. Analinda ghala, na ndiye aliyewaleta walinzi wenzake wote chamani. Évariste anataka chama kiwapokee na wenye maduka, wale wa Mayfair na wa huku kwetu, kiwe kikubwa, sauti yake isikike. Léonce anasema mwenye duka ni mwajiri, na mwajiri ukimkaribisha leo, kesho ndiye atakayekupangia la kusema. Wanaweza kubishana hivyo mpaka chai ipoe. Baba anakaa katikati yao na lile koti lake la reli, joto lote hili, halafu anasema, "Hamtakivunja chama hiki mimi nikiwa hai." Wanatulia.

Mwanao,
Murielle

---

Kalemie
21 Machi 2022

Mwanangu Murielle,

Jambo. Barua nimeipata, Burhani ameichapa, na amesema salamu zake zimefika. Basi umeshapata jibu lako. Magoti yanasema mvua inakuja, na kweli inakuja. Sisi wazima, tunamshukuru Mungu.

Nimecheka na huyo mchumba wako anayecheka peke yake. Mtu wa namna hiyo ama ana mapenzi ama ana malaria, wote wawili hutetemeka. Mimi nimempokea kwa moyo mmoja.

Umetaja koti. Wewe ulizaliwa ukalikuta, nadhani hakuna aliyekueleza. Lilikuwa la babu yako, alipewa kazini relini, sufu tupu, vifungo vya shaba. Alipokufa, siku ya kumaliza matanga, wazee walimvalisha baba yako. Mimi ni dada yake mkubwa, Murielle. Nilimbeba mgongoni, nilimfuta kamasi. Lakini siku ile alipovaa nilipiga magoti nikamwita baba, nikamwita na jina la babu yako, Ignace, na tangu siku hiyo ndilo lake. Wakwe zangu walipokuja na mahari walimpelekea yeye. Ndevu zilikuwa hazijamtoka vizuri, koti linamfika kwenye visigino, na ndiye aliyenitoa. Hakuna aliyecheka. Ndiyo maana halivui hata kwenye joto, na wewe usimsumbue alivue.

Hao wawili wa baba yako nimewasikia. Fahali wawili hawakai zizi moja, labda mwenye zizi awepo. Mwombee kaka yangu maisha marefu, asije akawaacha na pembe zao.

Shangazi yako,
Léocadie

---

Bertrams
19 Juni 2022

Shangazi,

Salamu, na pole, pole sana kwetu sote. Léonce ndiye aliyekupigia simu, mimi sikuweza. Sasa ninaandika.

Baba ametuacha mchana, akiwa kwenye kiti chake kati ya cherehani, koti mwilini, chai mkononi. Alisema, "Chai hii haina sukari." Nikageuka kuchukua sukari. Nilipomgeukia tena hakuwa na haja nayo.

Kumsafirisha hatukuweza. Tumemzika hapa, bila koti, kama ulivyoagiza. Mchungaji alitaka msalaba, komite ilitaka bendera nyekundu, wakabishana mbele ya jeneza mpaka Benita akawafokea kwa Kizulu. Basi tukaweka vyote viwili. Matanga tunakaa kwenye ukumbi wa kanisa. Umeme ulikatwa siku ya kwanza, na Yves, mdogo wake Léonce, fundi umeme, akaleta jenereta yake akatuachia mpaka leo. Ni mtu asiyesema sana, nilimshukuru akaitikia kwa kichwa tu.

Shangazi, udongo haujakauka na pembe zimeshaanza kugongana. Kwanza walipigania nani aseme kaburini. Halafu komite ikakaa kuchagua kaimu mwenyekiti: nusu kwa Évariste, nusu kwa Léonce, hakuna anayerudi nyuma. Wakaona wasubiri mkutano mkuu wa Septemba, wanachama wote wapige kura. Lakini wanachama hawasubiri. Mama wauza mboga, walinzi, vijana wa saluni, wote wana neno moja: "Sisi hatujui mambo ya komite. Atakayevaa koti la mzee, huyo ndiye tutakayempigia kura." Wengi wao ni watu wa kwetu, na Warundi nao wanalielewa jambo hilo vizuri tu.

Jana Évariste alikuja. Nilidhani amekuja kunipa pole. Alinipa, kweli, akanishika mkono. Halafu akaenda kwenye msumari ambapo koti limetundikwa, akalipapasa kola. "Murielle," akasema, "hilo koti nipe mimi."

Nikamwambia nitakuuliza wewe kwanza. Shangazi ni baba wa kike, na kwetu wewe ndiye uliyebaki. Niambie linaenda wapi.

Mwanao,
Murielle

---

Kalemie
25 Juni 2022

Mwanangu,

Pole na wewe, pole na Benita. Mimi nimelia mpaka majirani wamechoka kunibembeleza, sasa nalia nikiwa peke yangu jikoni, nasingizia moshi. Mdogo wangu, baba yangu. Ningependa nimtangulie, lakini Mungu hakuniuliza.

Sasa nisikilize vizuri, hili si la kusoma mbiombio.

Koti halitolewi leo wala kesho. Linatolewa siku ya kumaliza matanga, mbele ya watu, na wewe mtoto wa kwanza ndiye unayemvalisha mrithi. Anayelivaa hapati kiti tu. Anachukua jina la marehemu na watoto wa marehemu. Anakuwa baba yako na baba yake Benita. Mimi anakuwa kaka yangu. Akishalivaa ameshavaa, hata akilitundika msumarini anabaki yuleyule mpaka anaingia kaburini.

Pima mwenyewe. Évariste akilivaa, nani atakuoa? Baba haoi binti yake. Posa niliyoipokea nitairudisha siku hiyohiyo, na sitaionea huruma hata chozi lako, ingawa wewe ndiye mtoto ninayempenda kuliko wote, na hilo usimwambie mtu.

Kwa hiyo mpe Léonce. Ana umri, ana mke, na alikuwa mtu wa baba yako tangu mwanzo. Kuwa Mrundi si kitu. Évariste abaki mkwe wetu, na chama akitafute kwa maneno yake matamu na kura, kama vitabu vyake vinavyomfundisha. Nitawaandikia wazee wa huko hivyohivyo. Lakini wewe mweleze kwa mdomo wako kwanza, taratibu, asije akasema hakujua.

Shangazi yako anayekulilia,
Léocadie

---

Bertrams
10 Julai 2022

Shangazi mpendwa,

Salamu. Hapa ni baridi ya kukata masikio, lakini tuko wazima. Natumaini na wewe umeanza kula vizuri.

Nimemweleza. Tulikuwa Newtown, sokoni, tumenunua magwinya, yale maandazi yao, tunakula tukitembea. Nilimwambia kila kitu kama ulivyoandika. Shangazi, alicheka. Si kwa dharau, alicheka kama mtu aliyeogopa jambo kubwa halafu akaambiwa ni dogo. "Murielle, sisi ni watu wa sayansi," akasema. "Ni sufu na vifungo. Nitalivaa siku hiyo, watu watulie, mkutano mkuu upite, nilirudishe kwenye msumari wake. Desemba tunaoana."

Nikamuuliza, "Na hao watakaokupigia kura kwa sababu ya koti, utawaambia nao kwamba ni sufu na vifungo?"

 Andazi likabaki mkononi. Halafu akaniambia kwamba Léonce akilivaa basi walinzi na mama wa mboga wote watamfuata, milango itafungwa, chama kitabaki kikundi cha watu wa zamu ya usiku wakilalamikia mabosi wao, na kazi ya baba itakufa. Anaamini hivyo, Shangazi. Si mtu wa kujitafutia tumbo, hana hata viatu vizuri. Akaniuliza, "Unataka kazi ya baba yako ife?"

"Nataka mume," nikamwambia.

Akanishika mkono, akasema, "Utanipata."

Tulirudi Bertrams kwa miguu. Njia nzima nilikuwa nasubiri aseme kwamba hatalivaa, hata pale kwenye robot, tukingoja taa igeuke kijani, nilimwangalia mdomo. Aliongea habari za gazeti analotaka kuanzisha. Hakusema. Naogopa, Shangazi. Ninampenda na ninaogopa, sijui kipi kinanikosesha usingizi.

Mwanao,
Murielle

---

Kalemie
14 Agosti 2022

Murielle mwanangu,

Jambo. Sisi wazima. Burhani anakwenda kuangalia simu kila asubuhi kabla sijamuuliza, na kila asubuhi anatikisa kichwa.

Matanga yameisha mwezi uliopita. Nilikuandikia, hukujibu. Nikamwomba Burhani apige, ikapokelewa na Benita. Aliniambia "Shangazi, eish," akakata. Hilo ni jibu gani?

Juzi nilikwenda sokoni. Mama mmoja mwenye mwanawe huko Johannesburg akanikumbatia, akaniambia hongera, kaka yako amepatikana, kumbe kijana, tena mwenye miwani! Nilisimama pale na kikapu changu nisijue nilichokuja kununua. Nimerudi nacho nyumbani kitupu.

Sitaki kusikia habari ya nyumba yangu kwenye meza ya dagaa. Nataka kuisikia kwako. Hata kama ni mbaya, iandike.

Shangazi yako,
Léocadie

---

Bertrams
28 Agosti 2022

Shangazi,

Salamu na unisamehe. Kila nikishika kalamu nilikuwa naandika jina lake, naishia hapo.

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama nje. Komite nzima ilikaa mbele. Wazee walisoma maneno yako: koti liende kwa Léonce. Wakasoma na maana yake, jina na watoto, ili asiwepo wa kusema hakuelewa. Léonce akasimama, akavua kofia yake ya kazi, akampa mke wake Jocelyne amshikie. Nikaanza kumwendea.

Ndipo Évariste aliposimama. Akasema komredi Léonce ni mtu mwema, hakuna anayebisha, lakini koti hili si la familia peke yake, ni la chama. Na aliyekaa na mzee kuandika katiba ya chama, neno kwa neno, ni katibu mkuu. Alisema vizuri, unajua anavyosema. Wengine wakapiga makofi, wengine wakaguna. Walinzi wakaanza kusimama, na vijana wa saluni nao wakasimama. Niliona kabisa chama kikipasuliwa kati kama kitambaa. Wazee wakanong'onezana, halafu wakasema, "Mtoto ndiye anayevalisha. Mtoto aamue."

Nikabaki katikati ya ukumbi na koti mikononi. Ni zito, Shangazi, sikujua. Évariste akaja mbele yangu, akageuka, akarudisha mikono nyuma, kama wateja wangu wanavyofanya wakija kujaribu nguo. Hakuwa ananiangalia. Alikuwa anaangalia watu, anapima nani anaguna na nani anashangilia.

Nikamuuliza kwa sauti, wote wasikie, "Évariste, unajua unavaa nini?"

"Najua."

Nikamuuliza tena, polepole, kwa sauti ya sisi wawili tu: "Na unajua unaacha nini?"

Hapo akanigeukia. Midomo ilimcheza. Nadhani alitaka kusema kitu, na mpaka leo sijui ni kitu gani, maana mtu mmoja huko nyuma akapaza sauti, "Mwenyekiti!" Évariste akageuza kichwa kule ilikotoka.

Nikamvalisha.

Utaniuliza kwa nini sikumpa Léonce, kwa kuwa amri yako niliijua na moyo wangu ulitaka hivyohivyo. Nilitaka, Shangazi. Lakini mtu aliyerudisha mikono nyuma mbele yangu, akijua, alikuwa ameshanijibu. Ningempa Léonce, ningepata mume, na kila nikimpakulia chakula angeniona mimi ndiye niliyemnyang'anya chama. Sikutaka kulala na kinyongo kitanda kimoja maisha yangu yote. Labda nilikosea. Sema kama nilikosea.

Nilipiga magoti kama ulivyompigia baba, nikasema, "Karibu nyumbani, baba." Akajishika kwenye kiti. Halafu akaja Léonce, mtu anayemzidi umri, naye akapiga goti, akasema, "Jambo, Mzee Ignace." Akafuata Jocelyne, wakafuata walinzi, mmoja baada ya mwingine, Mzee Ignace, Mzee Ignace. Wote walimpa mkono, hata wale waliomgunia. Hakuna aliyemwita Évariste tena. Alikuwa anatabasamu, lakini macho yalikuwa yananitafuta, na mimi nilishakwenda jikoni kuosha vikombe.

Yves alikuwa huko anazima jenereta yake. Alichukua kitambaa akanisaidia kufuta vikombe, hakuniuliza kitu.

Nimelia, Shangazi. Gauni langu la harusi nimelifumua. Kitambaa ni kizuri, nitamshonea Benita.

Mwanao,
Murielle

---

Kalemie
11 Septemba 2022

Mwanangu, tena mwanangu,

Jambo. Hukukosea. Mimi ningempa Léonce na ningekosea, sasa naona. Burhani naye anasema hukukosea. Ndiyo, amesoma, na amelia, mimi nimemsamehe.

Huyo uliyemvalisha naye ameniandikia. Kurasa na kurasa. Ameanza na "Shangazi mheshimiwa." Anasema mapokeo yana historia yake na yanaweza kubadilika, anasema kwingine watu huchinja mbuzi mambo yakafunguliwa, anasema anakupenda. Hilo la mwisho ninaliamini. Ningependa kulikataa lakini ninaliamini, na limenichoma. Nimemjibu, na jibu langu nakuandikia na wewe ulijue:

"Kaka yangu Ignace, jambo. Barua yako nimeipata lakini umekosea salamu, mimi ni dada yako. Nimefurahi kwamba umerudi. Watoto wako wanakuhitaji. Benita amekaribia mtihani na hana wa kwenda kuonana na walimu wake. Paa langu upande wa jikoni linavuja, na tangu uondoke hujaja kulitazama. Kuhusu yule kijana Évariste aliyeleta posa kwa Murielle, nimeirudisha kwa wajomba zake, kwa sababu kijana huyo hayupo tena. Nilimpenda. Dada yako, Léocadie."

Murielle, sitakuambia usilie. Lia. Ukimaliza nawa uso urudi kwenye cherehani. Na umheshimu. Akija, mpe kiti. Akisema kama baba, sikiliza kama mtoto. Si kwa ajili yake, ni kwa ajili ya wale waliolivaa kabla yake. Ukimdharau yeye humo ndani, umemdharau na babu yako.

Shangazi yako,
Léocadie

---

Bertrams
12 Novemba 2023

Shangazi mpendwa,

Jambo sana. Sisi wazima, natumaini na wewe, na magoti, na paa jipya. Burhani aliniambia kwa simu kwamba sasa mvua ikinyesha unakaa jikoni makusudi kuisikiliza.

Leo nina habari, lakini nianze na ya chama, maana huwa unauliza kwanza hiyo. Mkutano mkuu ulimpa kiti aliyevaa koti, wewe unajua. Wenye maduka waliingia, wengine wakatoka walipoona mama wa mboga wanawahoji. Léonce hakuhama. Watu walidhani atachukua walinzi wake aende zake, hata mimi nilidhani. Yeye alisema, "Nimempigia goti, niende wapi?" Kwa hiyo bado wanabishana kila Jumapili, mambo yaleyale, wenye maduka na walinzi, mpaka chai inapoa. Wiki iliyopita ilikuwa kali hasa, mtu akapindua meza, na Mzee Ignace akasimama akasema, "Hamtakivunja chama hiki mimi nikiwa hai." Watu wakatulia. Mimi nilikuwa nashona nyuma ya pazia, sindano ikanichoma kidole. Sijui kama anajua hayo maneno ni ya nani.

Sitamsema vibaya. Anatimiza. Anakwenda kwa walimu wa Benita, anakaa kwenye vile viti vidogo. Benita alipolazwa alikaa naye hospitali mpaka akatoka. Kila Jumapili analeta mkate, anasimama mlangoni na mikono ya koti inamfika vidoleni. Aliwahi kuniomba nimpunguzie mikono. Nikamwambia koti hili halikatwi, anayekua ni mvaaji. Mwanzoni nilikuwa nikimwita baba ili neno hilo limwume. Nakuambia ukweli, nilifurahi kumwona akikunja uso. Sasa linanitoka tu, kama kumwita mtu kwa jina lake.

Sasa habari yenyewe. Yves. Shangazi, yule fundi alikuja kutengeneza soketi moja. Akarudi kutazama kama soketi imepona. Halafu swichi, halafu waya wa cherehani, halafu taa ambayo haikuwa na kitu. Kwa mwaka mzima humu nyumbani hakijaharibika chochote, na yeye yumo kila wiki na bisibisi. Siku moja nikamwambia, "Yves, vitu vyote vinafanya kazi." Akasema, "Naona." Akakaa. Ndivyo ilivyokuwa. Hacheki peke yake barabarani, lakini mimi nimeanza kucheka peke yangu.

Jana wamekuja kuposa. Kwa kuwa Yves hana baba, aliyeongoza wageni ni kaka yake mkubwa, Léonce. Basi waone, Shangazi: huku Léonce na kofia mkononi, na Jocelyne na kikapu, na huku, kwenye kiti cha baba kati ya cherehani, Mzee Ignace na koti lake, vifungo vyote amevifunga. Kati yao meza ileile ya komite. Watu wa chama wamejaa mlangoni, na kwa mara ya kwanza hao wawili wanazungumza hakuna anayewapigia makofi wala kuguna.

Léonce akasema kama inavyotakiwa, kwa heshima yote, bila hata chembe ya kisasi: "Mzee, tumepita tukaona ua uwanjani kwako. Tumekuja kuliomba."

Tulingoja. Benita akaanza kuangalia dari. Nikaona mkono wa Mzee Ignace unapapasa kola, palepale alipopapasa siku ile koti lilipokuwa msumarini. Halafu akaniita. Nikaja, nikapiga magoti mbele yake. Aliniangalia mimi, Shangazi. Hakuangalia watu. Macho yalikuwa mekundu, na sauti ikawa ya chini, lakini aliuliza kama baba anavyouliza:

"Murielle, mwanangu, unawafahamu wageni hawa? Tuwapokee?"

Niliona kwamba kama ningesema hapana angefurahi, na kwamba asingejisamehe kufurahi. Nikamwonea huruma, kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Ninawafahamu, baba," nikasema. "Pokea."

Akapokea.

Mwanao,
Murielle